Kusimamia Ugonjwa Kazini: Mwongozo Kamili kwa Waajiri na Wasimamizi wa Tanga

Masika yakishakolea hapa Tanga, daftari la mahudhurio la karibu kila kiwanda, karakana na ofisi huanza kuonyesha mapengo. Maji hutuama kwenye mifereji ya Ngamiani, mbu huongezeka, na msimamizi wa zamu ya asubuhi hukuta mashine mbili au tatu hazina watu. Nimefanya kazi ya utumishi katika viwanda vya mkoa huu kwa miaka mingi, kwanza nikiwa karani wa mahudhurio na baadaye nikiwa afisa rasilimali watu, na nimeona kwamba hasara na ugomvi mwingi unaohusu wagonjwa hutokana na siku mbili ambazo hazikushughulikiwa ipasavyo: siku mfanyakazi anapotoa taarifa kwamba anaumwa, na siku anaporudi kazini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku hizo mbili, na zile za katikati nimezipa nafasi kadiri zinavyostahili.

Mwongozo huu unamfaa mwenye karakana ya watu kumi kule Pongwe kama unavyomfaa afisa wa kiwanda chenye mamia ya watu. Unahusu sekta binafsi ya Tanzania Bara. Watumishi wa umma wana kanuni zao za utumishi ambazo zinapaswa kusomwa pamoja na sheria.

Kwanza, tenganisha mambo matatu

Mtu asipofika kazini na ikasemwa kwamba anaumwa, jambo lake linaweza kuwa mojawapo ya matatu. La kwanza ni ugonjwa wa kawaida, kama malaria, homa ya matumbo, upasuaji au shinikizo la damu. La pili ni maumivu au ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe, kama kidole kilichokatwa na mashine, mgongo uliotenguka wakati wa kubeba robota la mkonge, au kifua kilichoathirika kwa vumbi la chumba cha brashi, ambamo nyuzi za mkonge husafishwa. La tatu ni utoro, yaani kutokuwepo bila ruhusa wala sababu inayokubalika.

Kila moja lina njia yake. La kwanza huongozwa na masharti ya likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mlipaji ni mwajiri. La pili huenda kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. La tatu ni suala la nidhamu. Msimamizi anayeyachanganya humwandikia mgonjwa barua ya onyo, humlipa mtoro kana kwamba alikuwa kitandani, na mtu aliyeumia kazini humhesabia siku zake za ugonjwa wa kawaida ilhali palikuwa na mfuko wa kumfidia. Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi, kabla ya hasira na kabla ya huruma, liwe hili: jambo hili ni la aina gani?

Sheria inampa mfanyakazi nini

Mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mzunguko wa likizo hii ni miezi 36 ya ajira mfululizo, tofauti na ule wa likizo ya mwaka ambao ni miezi 12. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wapo waajiri wanaozifuta siku kila Januari na kuanza upya, na wapo wanaodhani mfanyakazi akishatumia siku zake mwaka huu hana kitu tena maisha yake yote.

Mwajiri halazimiki kulipa siku hizo ikiwa mfanyakazi ameshindwa kuleta cheti cha daktari, au ikiwa tayari anastahili malipo ya ugonjwa kwa sheria nyingine, mfuko au mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo ya malipo, lakini wafanyakazi wa msimu hawaguswi na kizuizi hicho. Vilevile, anayeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yuleyule huipata haki hiyo ikiwa jumla ya muda aliofanya kazi imezidi miezi 6 katika mwaka huo. Kwa mkoa wenye mashamba ya mkonge, ambako watu huitwa na kuachwa kadiri kazi inavyokuja, sharti hili linagusa wengi, na afisa utumishi alijue kwa moyo.

Jambo jingine la kushika ni kwamba mwajiri haruhusiwi kumlazimisha mgonjwa kutumia likizo yake ya mwaka badala ya likizo ya ugonjwa. Nimekuta jambo hili likifanywa kwa nia njema kabisa, mhasibu akisema, "Tumkatie kwenye zile siku zake 28 ili asikose mshahara." Nia njema haigeuzi sheria. Mtu huyo atabaki bila mapumziko ya mwaka, na mapumziko hayo ndiyo yanayomsaidia asiugue tena.

Andika utaratibu wa ukurasa mmoja

Kabla ya mtu yeyote kuugua, kiwanda kinapaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukabandikwa ubaoni karibu na mahali pa kusaini, na kila mwajiriwa mpya akasomewa siku ya kwanza. Usiwe mrefu, kwani ukurasa mmoja unatosha ikiwa unajibu maswali haya: mgonjwa atoe taarifa kwa nani, kabla ya saa ngapi, kwa njia gani, na nani anaweza kumtolea taarifa ikiwa mwenyewe hawezi kusema, karatasi ya daktari iletwe ndani ya siku ngapi, nani atakayeihifadhi, siku zitahesabiwa vipi, na nini kitafuata mtu akikaa kimya.

Toa namba mbili za simu, ya msimamizi wa zamu na ya ofisi, kwa sababu mashine zikishawashwa msimamizi hasikii simu yake. Ruhusu taarifa iletwe na mke, mume, mtoto au jirani. Ruhusu pia picha ya karatasi itumwe kwa WhatsApp, halafu karatasi yenyewe iletwe siku ya kurudi. Mtu anayekaa Chongoleani au ndani ya Muheza hawezi kupanda daladala mbili huku akitetemeka kwa homa ili tu akabidhi karatasi mapokezi, na utaratibu unaomtaka afanye hivyo utavunjwa na kila mtu.

Ikiwa kuna tawi la chama cha wafanyakazi, wapelekeeni rasimu waisome kabla haijasainiwa. Mara nyingi viongozi wa tawi ndio wanaojua kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku hawana wa kumpigia alfajiri.

Siku ya kwanza: simu na daftari

Simu ya mgonjwa inapaswa kuchukua dakika mbili tu. Msimamizi aanze na pole, kisha aulize mambo matatu: ameenda hospitali au anakwenda lini, anadhani atakosekana kwa muda gani, na je, kuna kazi aliyoiacha nusu ambayo mwenzake anapaswa kuijua. Aongeze swali la nne pale panapohusika: ugonjwa huu umetokana na jambo lolote lililotokea kazini? Swali hili la nne husahaulika kuliko mengine yote, ilhali jibu lake ndilo linaloamua kama ni ugonjwa wa kawaida au ni suala la WCF.

Asiulize jina la ugonjwa. Mfanyakazi akilitaja kwa hiari yake, msimamizi alisikie na asiliandike kwenye daftari linalokaa mezani kwa kila mtu kulifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka siri ya hali ya mtu itunzwe. Hata kama sheria hizo zisingekuwepo, mji wetu ni mdogo. Neno lililosemwa kiwandani saa nne asubuhi hufika Barabara ya Kumi na Tatu kabla ya adhuhuri, na huko lina wakwe, majirani na watoto wa shule.

Daftari la wagonjwa liwe na safu chache: jina, kitengo, tarehe ya kwanza ya kukosekana, saa taarifa ilipopokelewa na nani aliipokea, idadi ya siku zilizoandikwa na daktari, tarehe ya kurudi, na jumla ya siku alizokwisha kutumia katika mzunguko wake. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Inapaswa kujazwa siku hiyohiyo mfanyakazi anaporudi, kwa sababu karani anayeiacha hadi mwisho wa mwezi hukuta karatasi nusu zimepotea na kumbukumbu zimechanganyika.

Karatasi ya daktari

Kwa lugha ya kazini karatasi hii huitwa ED, na kwa wazee wetu wa viwandani bado ni siki shiti. Kwa mujibu wa sheria, cheti kinapaswa kutolewa na daktari aliyesajiliwa au na mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri hapaswi kumkataa mtaalamu huyo bila sababu ya msingi. Hili lina maana kubwa nje ya mji. Mgonjwa wa Tanga mjini anaweza kufika Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu naye, lakini zahanati nyingi za vijijini huhudumiwa na tabibu, si daktari. Mwajiri anayekataa karatasi ya tabibu huyo anamtaka mkata mkonge mwenye homa asafiri hadi mjini kutafuta sahihi tu. Andikeni katika utaratibu wenu kwamba karatasi ya zahanati iliyosajiliwa inakubalika.

Risiti ya duka la dawa haitoshi, kwa kuwa inaonyesha kwamba dawa imenunuliwa na haionyeshi kwamba mtu amepimwa na kupewa mapumziko. Kuhusu wanaokwenda kwa waganga wa tiba asili, ushauri wangu ni kuwaambia wafanyakazi wazi na kwa heshima kwamba uamuzi wa tiba ni wao, ila malipo ya siku za ugonjwa yanahitaji cheti kinachotambulika, kwa hiyo wapite zahanati kwanza.

ED iliyo kamili ina jina la kituo, mhuri, tarehe aliyoonwa, idadi ya siku za mapumziko, na jina na sahihi ya aliyemwona. Haihitaji kutaja ugonjwa. Ukiwa na shaka nayo, piga simu kituoni au mtume mtu, na uulize jambo moja pekee: karatasi hii yenye tarehe hii imetolewa na kituo chenu? Usiulize mgonjwa alikuwa na nini, na wala kituo hakipaswi kukujibu. Ikithibitika kwamba ni ya kughushi, jambo hilo limeshatoka kwenye ugonjwa na limeingia kwenye nidhamu, na mfanyakazi ana haki ya kuelezwa tuhuma na kusikilizwa kabla ya uamuzi wowote.

Kadirio dogo la siku linasaidia kupanga zamu. Dozi ya dawa mseto ya malaria isiyo kali huchukua siku 3, na ndiyo maana ED nyingi za masika huandikwa siku 2 au 3. Hata hivyo, msimamizi asiligeuze kadirio hilo kuwa kipimo cha uhalali. Mtu mwenye umri wa miaka 55 aliyeugua malaria huweza kumaliza dawa na bado akashindwa kusimama mbele ya mashine kwa saa nane.

Hesabu ya siku na mshahara

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu nimeona hesabu hii ikikosewa na watu wenye vyeti vikubwa. Tuchukue kiwanda kinachohesabu siku za kalenda na mwezi wa siku 30, na mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 390,000, yaani shilingi 13,000 kwa siku. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2023, kwa hiyo mzunguko wake wa kwanza ulikwisha tarehe 28 Februari 2026.

Mwaka 2023 aliugua siku 9. Mwaka 2024 aliugua siku 14. Jumla ni siku 23, zote kwa mshahara kamili, na zilibaki siku 40 za mshahara kamili. Mwezi Juni 2025 alifanyiwa upasuaji na kupewa ED ya siku 60. Siku 40 za mwanzo alistahili shilingi 520,000. Siku 20 zilizofuata zililipwa nusu, shilingi 6,500 kwa siku, ambazo ni shilingi 130,000. Jumla ya malipo yake kwa siku hizo 60 ilikuwa shilingi 650,000. Alibakiwa na siku 43 za nusu mshahara hadi mwisho wa mzunguko, na tarehe 1 Machi 2026 alianza mzunguko mpya akiwa na siku zote 126.

Kila mfanyakazi ana mzunguko wake kulingana na tarehe yake ya kuajiriwa. Hakuna mzunguko wa kiwanda kizima. Kabla mshahara wa mtu haujashuka kuwa nusu, mwandikie barua angalau wiki mbili mapema, ukimwonyesha hesabu hiyo kama nilivyoionyesha hapa. Mtu anayejua mapema kwamba mwezi ujao atapokea nusu anaweza kuzungumza na mwenye nyumba na shule ya watoto. Mtu anayeligundua akiwa mbele ya mashine ya benki, huku ana mshono tumboni, hatalisahau.

Siku za katikati

Ugonjwa ukizidi wiki mbili, ofisi iwe na mtu mmoja anayewasiliana na mgonjwa, na wawe wamekubaliana ni mara ngapi. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kwetu, kumjulia hali mgonjwa ni ada, na wafanyakazi watachanga na kwenda kumwona hata bila kuambiwa. Waacheni waende. Ila ziara hiyo isichanganywe na kazi ya ofisi. Msiwape wanaokwenda kumwona ujumbe wa kuuliza atarudi lini, na msimtume msimamizi akachunguze kama kweli amelala. Mgonjwa na familia yake hutambua mara moja kwamba mgeni amekuja na macho mawili ya kuangalia na si mkono wa pole, na tangu hapo hakuna taarifa ya kweli itakayotoka nyumba ile.

Kwa magonjwa ya kuambukiza, kama kifua kikuu, sikilizeni daktari kuhusu muda wa kukaa nyumbani. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6, lakini mgonjwa anayetumia dawa vizuri huruhusiwa na daktari kurudi kazini mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumfungia mlango hadi dozi iishe. Tiba yake hutolewa bure nchini. Jukumu la mwajiri ni kumruhusu afuate dawa zake na kuhakikisha hewa inapita vizuri chumbani.

Siku ya kurudi

Katika viwanda vingi mtu hurudi kutoka hospitali, huweka karatasi mezani, huvaa ovaroli na kuingia kazini kana kwamba alikuwa dukani. Kama mngeweza kubadilisha jambo moja tu katika kiwanda chenu baada ya kusoma mwongozo huu, ningeomba liwe hili: kila anayerudi baada ya kuugua, hata kwa siku moja, akae na msimamizi wake kwa dakika kumi mahali pasipo na watu kabla ya kugusa mashine.

Nilikuwepo siku msimamizi kijana alipompokea mama mmoja wa kitengo cha kusokota kamba, aliyekuwa nje wiki sita baada ya upasuaji.

"Shikamoo mama. Pole sana na maradhi."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa, alhamdulillahi."

"Daktari amesemaje kuhusu kunyanyua vitu?"

"Kanambia nisinyanyue kizito mpaka nirudi kliniki tarehe ishirini. Lakini nitajikaza tu, mwanangu, kazi ni kazi."

Neno lenye uzito katika mazungumzo yale ni "nitajikaza". Bila dakika zile kumi, mama yule angeingia kusokota, angenyanyua gurudumu la kamba, na mshono ungeachia. Kijana yule alimjibu, "Usijikaze, mama. Kuna meza ya kukagua kamba, ni kazi ya kukaa. Ukae pale mpaka tarehe ishirini, halafu utuletee neno la daktari." Akaandika makubaliano yale kwenye karatasi, wote wawili wakasaini, na nakala ikaenda kwenye faili lake ofisini.

Mazungumzo hayo yawe na mambo manne. Msimamizi amkaribishe na kumwambia yaliyotokea kazini wakati hayupo. Aulize kama daktari ameweka masharti yoyote, kama vile kutobeba mizigo, kutofanya zamu ya usiku au kutokaa kwenye vumbi. Waangalie pamoja hesabu ya siku alizotumia, ili mfanyakazi aione mwenyewe na kuikubali. Kisha aulize, kwa upole na bila kulazimisha, kama kuna jambo kazini linalochangia ugonjwa huo. Hapo ndipo mwajiri hupata habari ambazo hakuna ripoti itakayompa: kwamba feni ya chumba cha brashi imekufa tangu Desemba, kwamba glovu zimechakaa na maji ya mkonge yanawawasha mikono walio kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwamba maji ya kunywa yako mbali na watu wanakaa na kiu kutwa nzima.

Kazi nyepesi iwe na tarehe ya mwisho na iwe kazi ya kweli. Kumkalisha mtu kwenye benchi la getini kwa mwezi mzima kunamdhalilisha, na wenzake huanza kumsema. Mshahara wake usipunguzwe kwa sababu amehamishiwa meza nyingine kwa muda.

Wanaougua mara kwa mara

Siku moja hapa, mbili pale, karibu kila mwezi: hili ndilo linalowakera wasimamizi kuliko mtu aliyelazwa miezi miwili. Hapa sina budi kueleza kosa langu.

Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, kulikuwa na fundi aliyekosekana Jumanne moja karibu kila mwezi. Nilipanga tarehe zake kwenye karatasi, nikaona mpangilio, nikajiridhisha kwamba ana kibarua kingine mahali. Nikamwandikia barua ya onyo bila kumwita. Aliipokea, akaisoma amesimama, akatoa mfukoni kadi ya kliniki ya kisukari. Jumanne ile ilikuwa siku yake ya kliniki. Hakuwahi kusema kwa sababu aliogopa kuonekana hafai tena kushika mashine. Nilimwomba radhi na barua ikaondolewa kwenye faili, lakini miezi minane aliyokuwa akijificha ilikuwa imepita, na sukari yake ilikuwa imepanda kwa sababu miezi mingine aliacha kwenda kliniki asije akatiliwa shaka.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba mpangilio wa tarehe humpa msimamizi sababu ya kuuliza, na haumpi sababu ya kuadhibu. Ukiona mtu amekosekana mara tatu ndani ya miezi mitatu, mwite, mwonyeshe tarehe, na umuulize kama kuna jambo mnaloweza kulipanga pamoja. Siku ya kliniki inaweza kubadilishiwa zamu. Mtoto mgonjwa ni jambo jingine, na sheria inatoa siku 4 za likizo ya malipo kwa mambo kama ugonjwa wa mtoto au msiba wa jamaa wa karibu. Na kama kweli ni utoro, mazungumzo hayo yatauonyesha, na hapo utaratibu wa nidhamu utakuwa na msingi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kukosekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi, lakini hata hapo lazima asikilizwe. Kabla hujaitisha kikao cha mtu aliyepotea, mtafute kwa simu, kwa ndugu zake na kwa mwenyekiti wa mtaa, na uandike kila juhudi uliyofanya.

Aliyeumia kazini

Tiba kwanza, karatasi baadaye. Baada ya mgonjwa kufikishwa hospitali, mwajiri aandike siku hiyohiyo nini kilitokea, saa ngapi, mashine ipi na nani aliona, kisha aitaarifu WCF ndani ya siku 7 na atoe taarifa pia kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mchango wa mwajiri kwa WCF ni asilimia 0.5 ya mishahara, na hairuhusiwi hata shilingi moja ya mchango huo kukatwa kwa mfanyakazi. Kwa kuwa mwajiri ameshachangia, hana sababu ya kumwambia aliyeumia "tumalizane wenyewe". Maneno hayo yamewanyima watu fidia ya ulemavu wa kudumu kwa malipo ya dawa za wiki mbili.

Inapoonekana kwamba hatarudi

Wapo ambao hawataweza tena kazi yao. Sheria inaruhusu ajira kusitishwa kwa sababu ya kutomudu kazi kutokana na maradhi au ulemavu, lakini kwa utaratibu, na kumalizika kwa siku 126 peke yake si utaratibu. Kanuni za Utendaji Bora zinamtaka mwajiri aangalie chanzo cha hali hiyo, kiwango chake, kama ni ya muda au ya kudumu, uwezekano wa kumrekebishia kazi au kumpa nyingine, na kama kuna fidia au pensheni inayomhusu. Apate maoni ya daktari aliyesajiliwa. Akae na mfanyakazi, ambaye anaweza kuja na kiongozi wa chama au mfanyakazi mwenzake, asikilize mapendekezo yake, na akiyakataa aeleze sababu. Ikiwa chanzo ni kazi yenyewe, wajibu wa kumtafutia nafasi nyingine ni mzito zaidi. Notisi ya kusitisha ajira haitolewi mtu akiwa bado yuko kwenye likizo.

Mazungumzo hayo yafanyike mahali anapoweza kufika. Nimekwenda Pangani na karatasi zangu, nikakaa kwenye mkeka barazani kwa fundi aliyepooza upande mmoja, mke wake na kiongozi wa tawi wakiwepo, na tulimaliza siku ya pili kwa sababu alihitaji kupumzika. Ilinigharimu nauli na siku mbili. Yeye alipata kila stahili yake iliyoandikwa, pamoja na cheti cha utumishi na barua za kupeleka NSSF, na alijua kwamba asiporidhika ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Faili lake, pamoja na ED zote na kumbukumbu za vikao vile viwili, lilifungiwa kabatini, na kumbukumbu za ajira yake zinatakiwa kutunzwa kwa miaka 5 tangu siku ajira ilipokoma.